Mawe Tuliyochomea Nyama Kwa Gitonga

Jumamosi ile jiwe lilipopasuka tulikuwa sisi hawa. Alfayo Ombima, mchomaji mkuu, ambaye vijana walimwita Mzee Alfayo na mimi nikamwita Baba Dorika, kwa heshima ya binti yake wa kwanza. Mimi Rispa Mideva, Mama Ezra, msaidizi wake kwenye moto. Yeye asili yake Magharibi na mimi pia, ingawa ukoo wake na wangu haukutani popote isipokuwa kanisani. Otieno, aliyekata nyama dirishani, jirani yangu wa ploti moja hapa Kayole, mlango kwa mlango. Njoki, mhudumu wa meza, ambaye hakuwa na udugu na mtu yeyote pale lakini aliniita shosho tangu siku ya kwanza, na mtu akikuita hivyo kila siku mwishowe anakuwa mjukuu wako. Gitonga, mwenye mahali pale pa nyama choma, alikuwa kaunta. Wateja walikuwa wengi na majina yao ninayo, lakini waliokimbia sitawataja, maana hata mimi ningekimbia kama miguu ingekubali.

Shiru, anayesimama sasa pale nilipokuwa nikisimama, ndiye aliyeniomba niandike. Alisema, "Shosho, umetuachia jiko na hujatuachia akili yake. Tuandikie haya mawe yanatunzwaje." Nitaandika. Lakini siwezi kuandika mawe nisimwandike Alfayo, na Shiru hakumkuta. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkiona sentensi imepinda, izungukeni kama mnavyozunguka shimo la barabarani.

Nilianza kwa Gitonga nikiwa mtu mzima tayari, mume wangu Josia akiwa amestaafu kazi ya kanjo, yaani baraza la jiji, na anashinda nyumbani akikosoa ninavyofagia. Niliajiriwa kuosha vyombo na kusonga ugali. Siku ya kwanza nilifika na leso mpya, nikadhani nitaonekana nadhifu. Alfayo alikuwa kwenye banda la mabati, mbele ya jiko la makaa refu kama jeneza, amevaa kofia ya sufi na jua limewaka. Hakugeuka.

"Wewe ndiye wa ugali?"

"Ndiye."

"Unaogopa moshi?"

"Nimepikia jiko la makaa tangu utotoni, Kaloleni, baba yangu akiwa reli."

"Sijauliza kupika. Nimeuliza moshi."

Nikasema siogopi. Akanisogezea kigoda upande ule ambao moshi ulikuwa unaelekea, akanipa vitunguu nimenye. Nililia mpaka mchana. Baadaye alisema alitaka kujua kama nalia na kuendelea, au nalia na kuacha. Leso ile ilinuka mbuzi mpaka ilipochanika.

Hivyo ndivyo nilivyotoka kwenye sufuria nikaingia kwenye moto, polepole, bila mtu kunitangaza. Alinifundisha kwamba nyama haichomwi kisu kuangaliwa ndani. "Ukiichoma kisu imelia," alisema, "na nyama iliyolia haina maji tena, utawapa watu kamba." Alinifundisha kupima moto kwa mkono. Unaweka kiganja juu ya wavu na kuanza Baba Yetu uliye mbinguni. Ukiondoa mkono kabla ya ufalme wako uje, huo ni moto wa kuunguza. Ukifika mkate wetu wa kila siku, huo ndio moto wa mbavu za mbuzi. Ukifika amina, basi anika nguo hapo. Mpaka leo kanisani tukiomba sala hiyo kiganja changu kinajikunja chenyewe.

Wateja hawakuzoea kuona mama kwenye moto wa nyama. Mmoja wa kiwanda cha rangi kule Industrial Area, jina lake Musyoka, aliuliza kwa sauti, "Siku hizi akina mama ndio wanachoma? Na akina baba wanaosha sufuria?"

Alfayo akamjibu, "Huyu akiacha kuchoma, Musyoka, utakula koti lako."

Musyoka alikula mbavu. Akarudi Ijumaa iliyofuata akasema anataka zile za mama.

Sasa gesi. Mnajua Kayole ilivyo, nyumba juu ya nyumba. Moshi wetu ulipanda ukaingia kwenye nguo zilizoanikwa ghorofa ya pili, ya tatu, ya nne, na akina mama wa ghorofa wakawa wanatupigia kelele kutoka juu. Mmoja, Mama Brayo, alimwaga maji ya kufulia juu ya mabati yetu na kusema mkono uliteleza. Uliteleza mara nyingi. Halafu ukaja ule wakati makaa yaliadimika, magunia yakija nusu vumbi. Ndipo Gitonga alipopata jiko la gesi kutoka kwa watu waliokuwa wakihama nyumba, upande ule wa Nairobi wenye miti mingi. Lilikuja kwenye mkokoteni: jiko pana la chuma lenye kifuniko, mabomba matatu ya moto chini, wavu wa kwanza juu ya mabomba, wavu wa pili wa nyama, na mfuko wa mawe meusi.

Mawe yenyewe yalikuwa mepesi, yamejaa matundu kama mandazi yaliyoumuka vizuri. Yanatoka kwenye milima iliyowahi kutapika moto. Hatukujua hayo. Njoki alichukua moja akavua kiatu hapo hapo, akaanza kujisugua kisigino.

"Aki shosho, hii imeweza! Walikuwa wanaogea kwenye jiko?"

Alfayo alilishika moja, akalinusa, akalirudisha. "Jiwe haliwaki," alisema. "Nimechoma nyama kwa mti, nimechoma kwa makaa. Kwa jiwe nitamwambia nini mbuzi?"

Juma zima tulichoma vibaya. Tuliyatoa mawe tukayaweka kando, tukawasha gesi tupu, na moto ule wa bomba ukawa unapuliza sehemu moja na kuacha nyingine, kama mtu mwenye pengo anayepuliza uji. Mbavu zilitoka upande mweusi, upande mbichi. Wateja wakasema hii siyo choma, hii ni ya hospitali, haina moshi. Alfayo akayarudisha mawe kwa hasira tu, ili aonyeshe kwamba hata nayo hayafai. Akayapanga kwenye wavu wa chini, akawasha, akaweka mguu wa mbuzi. Mafuta yakadondoka juu ya jiwe moto. *Chwaaa.* Moshi mdogo mweupe ukapanda ukaikumbatia nyama, na harufu ikawa ile ile ya choma tunayoijua. Alfayo akavua kofia yake. Sikuwahi kumwona akivua kofia mbele ya jiko.

"Kumbe," akasema.

Shiru, hapa ndipo unapotaka. Mawe yapange safu moja tu, yasipandiane, na uache nafasi ndogo kati yake moto upumue. Ukiyarundika, moto unarudi chini na kuunguza mpira wa gesi. Washa kiberiti kwanza ndipo ufungue gesi, kifuniko kikiwa wazi, kila mara, hata kama una haraka, hata kama mteja ni mbunge. Mpira upake povu la sabuni. Ukiona povu linacheua, funga mtungi uite fundi. Mawe yakishaiva, subiri wekundu wa bomba utulie, ndipo uweke nyama. Kila baada ya siku chache yageuze, ule upande ulionyonya mafuta uangalie moto, ufunike, uache yaungue mpaka yaache kutoa moshi. Yakizidi uchafu yachemshe na sabuni, kisha yaanike juani siku nzuri kadhaa, kisha yarudishe kwa moto mdogo, kifuniko wazi, wewe ukiwa mbali. Usisimame juu yake. Hilo nitakuelezea sababu yake, ingawa nimekuwa nikilizunguka tangu nianze kuandika.

Na moto ukirukia mafuta, usimwage maji. Funga gesi, funika, subiri. Mchomaji asiyeweza kusubiri auze soda.

Basi miaka ile ya mawe ilikuwa mizuri. Mama Brayo akawa mteja. Alfayo akawa anayasifu mawe kana kwamba ndiye aliyeyazaa. Lakini mawe yanazeeka kama sisi. Yalianza kumeguka, yakageuka changarawe, yakaanguka kwenye mabomba. Yaliyobaki yalikuwa yamenyonya mafuta mengi mpaka yakawa yanawaka yenyewe kama tambi za taa. Alfayo alimwambia Gitonga mara nyingi kwamba tunahitaji mengine.

Siku moja Gitonga alicheka akasema, "Mawe? Alfayo, Kayole yote ni mawe. Toka nje uokote."

Gitonga si mtu mbaya. Alisema hivyo kama unavyosema jambo ukiwa unahesabu kreti za soda na akili haipo. Lakini Alfayo alirudi kwenye jiko akaanza kuokota changarawe kwenye mabomba.

Muda mfupi baadaye mama yake akafariki, huko nyumbani kwao. Mama Norah, kikongwe. Alfayo akaenda kumzika. Aliporudi alikuwa amekonda, na alikuwa amebeba gunia. Alishuka nalo stejini Spine Road, akalipa kijana wa mkokoteni amletee mpaka kwenye banda. Njoki akadhani ni ndizi, akalifungua.

"Mzee! Watu wakitoka ushago wanaleta ndizi, wanaleta kuku. Wewe umeleta mawe?"

"Ndizi utakula ziishe," Alfayo akasema. "Haya hayaishi."

Yalikuwa mawe mazuri, ya mviringo, laini, ya kijivu, kila moja kama mkate mdogo. Aliyaokota kwenye mto uliopita chini ya boma la mama yake. Alituambia mafiga ya jikoni kwa mama yake yalitoka mto huo huo, na mama yake alikuwa amepika juu ya mawe matatu hayo tangu alipoolewa mpaka mwezi aliokufa. Alipokuwa akiongea alikuwa akiyapangusa moja moja kwa shati lake.

Otieno alikuja akalibeba moja, akalipima mkononi. "Buda, hili ni zito. Yale yalikuwa mepesi. Haya si yatafanya gesi iishe ikiyapasha?"

"Zito linashika joto," Alfayo akasema.

"Na ya mto kwani hayana neno?"

"Otieno. Mama yangu amepikia mawe ya mto ule nikiwa mgongoni, nikiwa shuleni, nikiwa na mvi. Ulisikia lini yamemla mtu?"

Otieno akalirudisha kwenye gunia. Ungemjibu nini mtu aliyetoka kumzika mama yake wiki hiyo?

Jumamosi ndiyo aliyapanga. Kulikuwa na mechi, watu walianza kuja mapema, viti vimejaa mpaka ukutani. Alikuwa ameyaosha kwa sabuni asubuhi, yanang'aa. Akafungua gesi yote, kwa sababu yalikuwa mazito na oda zilikuwa nyingi. Mimi nilikuwa upande wa pili nikikata kachumbari. Nikasikia *ta*, kidogo, kama punje ya mahindi kwenye kikaango. Alfayo akainama kuangalia ni nini. Alikuwa mtu wa kuinama kwenye moto, hiyo ilikuwa tabia yake, anauangalia moto karibu kama mtu anayesoma.

Ndipo likapasuka.

Watu walidhani ni mtungi. Meza zilianguka, watu wakakimbilia nje kupitia mlangoni na wengine dirishani kwa Otieno. Otieno hakukimbia, aliruka akafunga mtungi. Vipande vya jiwe vilikuwa vimepenya mabati ya banda. Alfayo alikuwa amesimama pale pale, koleo mkononi, kichwa kimeinuka kidogo, kama mtu anayesikiliza tangazo. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mama Ezra, nani amezima taa?"

Ilikuwa mchana, jua la utosi.

Pale hospitali walituambia jicho moja limekwenda, la pili tuliombee. Tukaliombea. Mkewe Beldina alikuja kutoka nyumbani Magharibi na kikapu, akakaa nami kwenye benchi nje ya wodi. Nilimweleza jinsi ilivyokuwa, nikataja mto, nikataja mafiga. Beldina alishika mdomo.

"Ya mto aliyatia motoni siku gani?"

"Siku chache baada ya kufika. Aliyaosha kwanza."

"Mama," akaniambia, "mama mkwe wangu hakuwahi kutia jiwe jipya mafigani likitoka mtoni. Aliliweka kando ya moto, kwenye majivu, likae hapo msimu mzima. Mahindi yapandwe, yapaliliwe, yavunwe, jiwe lipo tu linaota joto. Alisema jiwe la mto lina maji tumboni, liache lisahau mto."

"Na Baba Dorika hakujua?"

"Angejulia wapi? Mwanamume jikoni kwa mama yake! Akichungulia tu alifukuzwa na mwiko. Alikuwa anaona mafiga yakiwa mafiga. Yakiwa kando kwenye majivu, hayo yalikuwa mambo yetu."

Nilikaa na maneno hayo. Mimi mtoto wa Kaloleni, mama yangu alipikia jiko la makaa na stovu ya mafuta. Mafiga niliyaona Krismasi tukienda kusalimia, na mgeni hapewi kazi ya moto. Kwa hiyo pale kwenye banda alikuwepo mwanamume aliyelelewa nyumba yenye mafiga lakini hakuruhusiwa kukaa karibu nayo, na mwanamke aliyeruhusiwa lakini nyumba yao haikuwa nayo. Waliojua, mmoja amezikwa wiki ile ile na mwingine yuko Magharibi. Nimelifikiria jambo hili sana na sijapata pa kuliweka.

Kuna lingine. Alfayo akiwa bado wodini, Njoki alikwenda soko la Kariokor kutafuta viatu vya tairi vya kaka yake. Akarudi na mfuko, akaumwaga mezani mbele yetu bila kusalimu mtu. Mawe meusi, mepesi, yenye matundu.

"Yanauzwa pale karibu na viatu," akasema. "Ya kusugua miguu. Yamejaa debe zima. Shosho, si ni haya?"

Yalikuwa hayo. Njoki alikuwa analo moja bafuni kwake muda wote, lile alilojichukulia siku ya kwanza, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri kwamba jiwe la kisigino na jiwe la jiko ni ndugu. Gitonga aliliokota moja, akaligeuzageuza, akaingia stoo akafunga mlango. Hatukumwita. Wateja walikuja, tukahudumia wenyewe.

Alfayo alitoka hospitali jicho moja likiwa halipo na jingine likiona mwanga na kivuli tu, na baada ya muda kivuli nacho kikaondoka. Gitonga alimwambia akae nyumbani, kwamba yeye hatamtupa. Alfayo akaja kazini siku iliyofuata, Beldina amemshika mkono, kofia kichwani.

"Nyumbani nitafanya nini, nikae nisikilize kuta?" alimwambia Gitonga. "Mimi nikiondoka kwenye moto nitakuwa nani? Nitakuwa yule mzee kipofu wa ploti ya kijani. Niachie kiti tu. Nyama nitaisikia."

Gitonga akampa kiti chenye mikono, akakiweka mwenyewe kando ya jiko, upande usio na moshi.

Akawa anakaa na koleo lake la zamani mapajani, na mimi nasimama na langu. Aliinamisha kichwa akasikiliza mafuta yakidondoka kwenye mawe ya Kariokor, halafu anasema, "Geuza, Mama Ezra." Na mimi nageuza. Siku za kwanza alipatia. Nawaambia ukweli, alipatia, na sote tulifurahi mpaka Otieno akacheza kidogo kule dirishani. Lakini kwa Gitonga hakuna kimya. Kuna redio, kuna mashine ya fundi wa vyuma ng'ambo, kuna makanga wa matatu za Spine Road, kuna mechi. Na huzuni nayo ina kelele zake ndani ya kichwa. Akaanza kuchelewa. Anasema geuza na upande wa chini umeshakuwa mkaa. Siku nyingine anasema mapema, nyama bado inanata kwenye wavu, ukiibandua inachanika.

Mteja akirudisha nyama iliyoungua, Alfayo alikuwa anasikia kila neno. Niliona mabega yake.

Kwa hiyo nikaanza kugeuza wakati wake, taratibu, koleo lisigonge. Halafu yeye akisema "Geuza, Mama Ezra," nagonga koleo kwenye chuma, *kwa, kwa, kwa*, kipande baada ya kipande, kama mtu anayegeuza. Sikumwambia mtu. Njoki aliona siku hiyo hiyo, na alipochukua sinia alisema kwa sauti, "Mzee, hii umeipatia leo! Kuna meza inataka kukuoa." Alfayo akasema, "Waambie nina mke, na ananisikia." Otieno naye akajua. Gitonga akajua. Wateja wakajua, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeambiwa anyamaze. Watu wa Eastlands, mitaa yetu hii, wana midomo, mnawajua. Ile midomo yote ikafungwa kwa ajili ya mzee mmoja. Ilikuwa hivyo kiangazi chote, na masika, na baridi ya Julai tukawa tunajikusanya karibu na jiko lake kama kuku.

Sasa Kioko. Kioko alikuwa dereva wa lori la masafa, mteja wetu tangu enzi za makaa, alikuwa amepangiwa kazi nje ya nchi muda mrefu. Aliambiwa habari za jiwe, lakini ile ya koleo nani angemwandikia? Akarudi Jumapili mchana, akaja moja kwa moja kwenye jiko, akamkumbatia Alfayo, akalia kidogo kama mwanamume anavyolia, kwa kukohoa. Akasimama hapo akaniangalia nikifanya kazi. Nyama ilikuwa imeshageuzwa.

"Geuza, Mama Ezra," Alfayo akasema.

Nikagonga.

Kioko akacheka. "Sasa Mama Ezra, mbona unapiga ngoma? Hiyo nyama si umeshageuza kitambo?"

Sijui redio ilizimwa na nani. Labda haikuzimwa, labda ni mimi tu ambaye sikuisikia. Njoki alikuwa ng'ambo ya meza, uso kwa uso na Alfayo, na sinia mikononi. Otieno alikuwa dirishani. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya mawe na sikuinuka. Niliangalia mafuta yakidondoka, moja, kisha jingine, kila tone na moshi wake.

Ndipo nikasikia sauti ya Alfayo, ile ile ya kila siku. "Kioko, kaa chini ule. Mama Ezra anajua anachofanya."

Kisha, Kioko alipokaa, "Geuza, Mama Ezra."

Na mimi nikagonga. Kwenye chuma kitupu, mbele ya watu wote, nikagonga kipande baada ya kipande mpaka wavu ukaisha. Ningefanya nini kingine? Kuacha kungekuwa ndiyo tusi.

Aliendelea mchana wote, geuza, na mimi kugonga. Beldina alipokuja kumchukua, Alfayo alisimama, akapapasa kiti, akaweka koleo lake hapo juu ya kiti badala ya kuondoka nalo. Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi, cha mtu ambaye hajafanya kazi ya moto siku nyingi. Akasema, "Kesho pumzika kidogo, Mama Ezra. Umechoka."

Kesho yake hakuja. Mwisho wa wiki walisafiri kwenda nyumbani, yeye na Beldina. Alfayo hakuuona mwaka uliofuata. Tulikwenda kumzika, mimi na Otieno na Gitonga, Gitonga akabeba jeneza upande wa mbele njia nzima na kukataa kupokewa. Wamemlaza pale mteremkoni, kando ya mama yake, na mto unausikia kutoka hapo.

Mimi niliendelea miaka kadhaa, mpaka magoti yaliposema basi. Niliyoyafanya humo katikati ni kazi tu, nyama na mawe, Shiru anayajua. Kinachonisumbua ni kimoja. Mtu aliyesikia nyama maisha yake yote, je, hakujua tofauti ya koleo lililoshika nyama na koleo linalogonga chuma? Kama alijua tangu mwanzo, basi ni yeye aliyekuwa akitutunza sisi miezi yote ile, akisema geuza ili tusione aibu. Na kama hakujua, basi alijulia pale, mbele ya watu, kwa kicheko cha rafiki, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika koleo.

Jibu lilikuwa usoni mwake, na uso wake mimi sikuuangalia. Njoki ndiye aliyeuona. Baada ya pale alikwenda kufanya kazi Arabuni na sikuwahi kumuuliza. Kwangu mimi nimeshaamua kwamba alitabasamu. Ndivyo ninavyowasimulia wajukuu.

Kwa hiyo mliokuwepo, kama nimekosea jina la mtu, au nimemkalisha mtu meza isiyo yake, nisahihisheni mara moja, njooni hata barabarani mniite. Musyoka, kama ulikuwa kiwanda cha sabuni na si cha rangi, sema. Na wewe Njoki, kama maandishi haya yatakufikia huko uliko, na kama mzee hakutabasamu, nisahihishe pia, mwanangu. Ila hilo usiniandikie. Subiri urudi, uniambie tukiwa tumekaa.